Somo: Filta ya hewa ya jenuini na ya kampuni nyingine, jinsi ya kupima mwenyewe ipi inazuia vumbi

Kiangazi cha Januari hadi Machi kikifika Nakuru, kwenye kaunta za spea huulizwa swali moja: "Hii ya bei nafuu si itafanya kazi ile ile?" Muuzaji atasema ndiyo kwa sababu anataka kuuza. Fundi atasema hapana kwa sababu hataki lawama baadaye. Kati yao hakuna aliyepima. Somo hili linakuonyesha jinsi ya kupima kwa gari lako, kwenye barabara unazopita wewe, bila maabara.

Msimamo wangu nautaja mapema ili msinishangae mbele ya safari. Filta haihukumiwi kwa uchafu ilioushika, inahukumiwa kwa uchafu ulioipita. Upande wa kukagua ni ule unaoelekea injini, na huo ndio watu wengi hawajawahi kuufungua tangu wanunue gari.

TUNALINGANISHA NINI NA NINI

Ubishi mwingi wa filta hutokana na watu kuzungumzia vitu tofauti. Kuna jenuini, inayokuja kwenye boksi la mtengenezaji wa gari. Kuna za kampuni nyingine zenye jina, kama Denso, Vic, Sakura, Mann, Mahle au Bosch. Kumbuka kwamba kampuni za magari kwa kawaida hazitengenezi filta zenyewe; huagiza kwa watengenezaji wa spea, kwa hiyo mstari kati ya kundi la kwanza na la pili si mnene kama unavyodhani. Kundi la tatu ni kopi, zikiwemo zile zilizovalishwa boksi la jenuini. La nne ni filta za kuosha, za pamba iliyolowekwa mafuta au za sifongo, ambazo vijana wa Subaru wanazipenda kwa mlio.

Mtu akikwambia "filta za nje hazifai," muulize anasema za kundi gani. Za kundi la pili zinaweza kulingana na jenuini. Za kundi la tatu ni bahati nasibu. Za kundi la nne zina kesi yake, nitaifikia.

VUMBI LETU NA KIASI CHA HEWA

Lita moja ya petroli ina uzito wa gramu 740 hivi, na kila gramu ya petroli huchomwa na takriban gramu 14.7 za hewa. Hizo ni karibu kilo 11 za hewa kwa kila lita. Usawa wa bahari, kilo 11 ni kama lita 9,000 za hewa. Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo kilo zile zile hujaza karibu lita 11,000. Probox inayokula lita moja kwa kilomita 15, ikienda Eldoret na kurudi, imevuta zaidi ya lita 200,000 za hewa. Zote zimepita kwenye kile kikaratasi unachobishania bei.

Na hewa yenyewe si ya Ulaya. Udongo wa huku Bonde la Ufa umetokana na majivu ya volkeno, na ukikauka haushiki chini. Karibu na Gilgil, pale Kariandusi, kuna machimbo ya diatomaiti, mwamba mweupe ambao kwa sehemu kubwa ni silika. Ukienda magharibi unapata murram nyekundu ya Kakamega na Bungoma, na njia za mashamba ya miwa ambako trekta moja inakufunika usione boneti yako. Chembe za kwazi (quartz, madini magumu yaliyomo kwenye mchanga na vumbi) zina ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, kwa hiyo chuma cha silinda hakiwezi kushindana nazo.

Chembe zinazokula injini si zile unazoziona. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Zinazoleta hasara kubwa ni za maikroni 5 hadi 20, kwa kuwa zinaenea katika nafasi ile ile ndogo ambayo oili inakaa kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Jicho halizioni moja moja. Ndiyo sababu kuinua filta juani na kusema "hii iko sawa" si kipimo.

MAABARA WANAFANYAJE

Kuna utaratibu wa kimataifa unaoitwa ISO 5011. Filta hufungwa kwenye mtambo, vumbi lililopimwa humiminwa kidogo kidogo pamoja na hewa, na nyuma ya filta huwekwa filta nyingine inayoshika kila kitu. Mwishoni zote mbili hupimwa uzito. Kilichonaswa na ile ya nyuma ndicho kingeingia kwenye injini.

Jaribio moja la Marekani lililosambaa sana lilitumia utaratibu huo kwa filta za pikapu ya dizeli yenye injini ya Duramax. Filta ya karatasi ya kiwandani ilizuia asilimia 99.93 ya vumbi. Ya pamba yenye mafuta ilizuia asilimia 96.8. Mtu akisoma haraka atasema tofauti ni asilimia tatu tu, ya nini kelele? Sasa soma kinyume. Moja imepitisha asilimia 0.07, nyingine 3.2. Kwa gramu, ya karatasi ilipitisha kama 0.4 hadi ilipojaa, na ya pamba kama 7. Na ya pamba, ambayo mwanzoni ilikuwa inapitisha hewa kwa urahisi zaidi, ndiyo iliyojaa mapema.

Kwa hiyo ukiona boksi limeandikwa asilimia 97 na jingine 99, usilinganishe 97 na 99. Linganisha 3 na 1.

HATUA YA 1: Ziweke mezani

Nunua mbili za gari lako, jenuini na ile unayotaka kuijaribu. Kwa Toyota, nambari ya filta ya hewa huanza na 17801. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha nambari kamili kwa namba ya chesi yako anakisia.

Hesabu mikunjo. Pima kina cha mkunjo na urefu wake kwa rula. Zidisha idadi ya mikunjo kwa kina, kwa urefu, halafu kwa mbili kwa sababu kila mkunjo una kuta mbili. Tuseme moja ina mikunjo 60, kina sentimita 3, urefu sentimita 15: hiyo ni sentimita za mraba 5,400 za karatasi. Nyingine ina mikunjo 42 kwa vipimo vile vile: 3,780. Umepoteza karibu theluthi ya karatasi ndani ya fremu ile ile. Karatasi ikipungua, hewa inapita kwa kasi zaidi katika kila sentimita, na filta inajaa mapema. Kopi nyingi hujisaliti hapa, kwa sababu karatasi ndiyo gharama.

Kisha shika mpira wa pembeni. Ubonyeze kwa kidole gumba uone kama unarudi. Tazama ncha za mikunjo zilipoungana na fremu: gundi iwe imejaa kote. Ukipata hata ncha moja iliyo wazi kama mdomo wa bahasha, irudishe dukani.

HATUA YA 2: Tochi

Giza kidogo, tochi nyuma ya filta. Unatafuta tundu, mpasuko, au karatasi iliyoachana na gundi. Ni hayo tu. Mwanga mwingi au mchache haukuambii uwezo wa kuzuia.

HATUA YA 3: Alama ya mpira

Naomba msiharakishe hapa, maana ndipo filta nyingi hufeli, na jenuini iliyowekwa vibaya hufeli pamoja nazo. Karatasi inaweza kuwa bora kuliko zote duniani, lakini mpira usipokaa sawasawa hewa haina sababu ya kupita kwenye karatasi. Itafuata njia rahisi.

Futa ukingo wa boksi la filta, yaani lile la ndani ya gari linaloishikilia filta, ule ambao mpira unaukalia, uwe safi kabisa. Paka chaki ya ubaoni iliyosagwa, au grisi nyembamba sana kwa ncha ya kidole. Weka filta, funika, funga klipu zote kama kawaida. Fungua, itoe, geuza uangalie mpira. Lazima uone mstari unaozunguka bila kukatika. Mstari ukikatika kwenye kona, kona hiyo inavuja. Ukiwa mnene upande mmoja na hafifu upande mwingine, kifuniko kimepinda au klipu moja imechoka.

Rudia kwa filta ya pili kwenye boksi lile lile. Zote mbili zikikatika mahali pamoja, lawama ni ya boksi. Magari yetu mengi yameingia nchini yakiwa na miaka kadhaa, plastiki imepikwa na joto, klipu zimevunjika, na mtu amefunga kifuniko kwa waya au kwa raba ya tyubu. Hapo kubadilisha filta hakutakusaidia, tafuta boksi la mtumba lenye klipu zake zote.

Mvujo wa muda mrefu una sura yake. Ukifungua kifuniko, upande safi unaona mchirizi wa vumbi unaoanzia kwenye ukingo, mwembamba mwanzoni, kisha unatanuka kuelekea tundu la hozi (bomba la mpira linalopeleka hewa injini), na rangi yake ni ya barabara unayoipita: kijivu kwa mtu wa Solai, wekundu kwa mtu wa Mumias. Vumbi lililopita kwenye karatasi halichori hivyo. Hutanda sawasawa, hafifu.

HATUA YA 4: Anza na upande safi ukiwa safi kweli

Injini ikiwa imezimwa na imepoa, fungua hozi kati ya boksi na throto (mlango unaoruhusu hewa kuingia injini). Futa ndani kwa kitambaa cheupe chenye unyevu kidogo hadi kitoke cheupe. Futa pia ndani ya kifuniko, juu ya filta. Usiguse sensa ya hewa, kifaa kinachopima hewa inayoingia; nyuzi zake ni laini, na ikihitaji kusafishwa kuna dawa yake maalumu ya kupuliza. Usipofanya hatua hii utakuwa unahukumu filta mpya kwa dhambi za ile ya zamani.

HATUA YA 5: Mtego wa grisi

Ndani ya hozi, sehemu iliyo baada ya sensa na kabla ya throto, paka grisi nyeupe au ya rangi hafifu, eneo la ukubwa wa kidole gumba, nyembamba kiasi cha kuona hozi chini yake. Ukipaka nene inaweza kusogea. Ukipaka kabla ya sensa unaweza kuiharibu, na bei ya sensa itakufanya usahau habari za filta. Funga hozi, kaza klempu.

Msijaribu kuweka kitambaa au soksi ndani ya hozi ili kunasa vumbi. Injini itakivuta.

HATUA YA 6: Endesha, kisha linganisha

Kila filta ipewe njia ile ile, umbali ule ule, na hali ya hewa inayofanana. Kilomita 1,000 zenye sehemu nzuri ya vumbi zinatosha kuona kitu. Usipime moja kiangazi na nyingine wakati wa mvua za Aprili. Usipime moja kwenye lami ya Nakuru hadi Kericho na nyingine kwenye njia za mashamba ya Rongai. Ukiwa na magari mawili ya aina moja yanayofuatana njia, kama wenye teksi walivyo, ni bora zaidi, lakini ukimaliza rudia jaribio ukiwa umebadilishana filta kati ya magari ili boksi bovu lisikudanganye.

Ukimaliza, fungua hozi. Pitisha kitambaa cheupe kipya ndani ya kifuniko, kikunje, kiandike jina la filta kwa kalamu ya wino. Kisha chota ile grisi kwa kisu cha plastiki, weka kati ya vipande viwili vya kioo, sugua taratibu huku umekaribisha sikio. Grisi safi haina sauti. Iliyonasa vumbi inakwaruza, na ukiinua kioo juani unaona mikwaruzo. Mteja ambaye hujaweza kumshawishi kwa maneno atanyamaza akisikia sauti hiyo.

HATUA YA 7: Mizani na oili, kwa wenye subira

Mizani ya jikoni ya kidijitali inaweza kukuambia filta imeshika gramu ngapi, kwa kupima kabla na baada. Iache filta sehemu kavu kwanza, maana karatasi hunywa unyevu, na hewa ya Kisumu si ya Nakuru. Lakini usisahau: mizani inakuambia kilichonaswa, haikuambii kilichopita.

Anayetaka jibu la uhakika apeleke sampuli ya oili maabara wakati wa kumwaga. Wanaohudumia mashine kubwa za ujenzi wanafahamu huduma hiyo. Aangalie silikoni, ambayo kwa kawaida ndiyo saini ya vumbi, na aione pamoja na chuma na aluminiamu. Zikipanda zote, vumbi linaingia na ringi au pistoni zinalika. Silikoni ikipanda peke yake baada ya injini kufunguliwa, inaweza kuwa ni ile gasketi ya kupaka.

NAAMUA VIPI

Kwa gari la kawaida la petroli linalozunguka Nakuru, Njoro na Molo, natumia jenuini au ya kampuni yenye jina, yoyote iliyopita hatua ya 1 na ya 3. Sioni sababu ya kulipa zaidi kwa boksi tu. Kopi isiyo na jina siiweki hata ikipita hatua ya 1, kwa sababu ile ya kesho kutoka boksi lile lile inaweza kuwa tofauti. Kwa gari lenye tabo (turbo, feni inayosukuma hewa zaidi kwenye injini), hasa dizeli za mashambani, siweki pamba yenye mafuta. Mapanga ya tabo yanazunguka kwa kasi ambayo chembe ya mchanga inakuwa patasi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (dereva wa Probox, Molo): Fundi, mimi hupuliza filta kwa kompresa kila Jumapili gari likioshwa. Nafanya vyema ama naharibu?

Jibu: Unaharibu, kaka, tena mara mbili. Filta ya karatasi huzuia vibaya zaidi ikiwa mpya kabisa. Vumbi la kwanza linapokaa juu ya karatasi hutengeneza tabaka ambalo nalo linachuja. Ukipuliza kila Jumapili unaliondoa tabaka hilo na kuanza upya. La pili ni presha: kompresa ya pale pa kuoshea magari inaweza kutoboa karatasi au kuiachanisha na gundi. Na kila ukifungua kifuniko, vumbi la ukingoni linadondokea upande safi. Fuata kitabu cha gari, fupisha muda kama njia yako ni ya vumbi, na wakati wa kubadilisha ukifika, badilisha.

Swali (mwenye teksi mbili, Kondele, Kisumu): Nilikuwa natumia jenuini, ikitoka ni nyeusi kabisa. Sasa natumia nyingine ya bei nafuu na baada ya muda ule ule inatoka bado nyeupe nyeupe. Nimefurahi kwamba haichafuki. Niko sawa?

Jibu: Dada, furaha hiyo iweke kando kidogo. Gari ni lile, barabara ni ile, vumbi halijapungua. Kama halimo kwenye filta, liko mahali pengine. Inawezekana linapita kwenye karatasi au linapita pembeni ya mpira. Fanya hatua ya 3 leo jioni, na upitishe kitambaa cheupe ndani ya kifuniko. Jambo moja la kukutetea: kama ulibadilisha msimu huu wa mvua, vumbi lenyewe lilikuwa chache. Lakini usingoje, kitambaa kitakuambia kwa dakika tano.

Swali (mwalimu, Kakamega): Nimenunua filta ya Nissan, nimekuta karatasi ina mafuta mafuta. Nimeirudisha dukani nikidhani ni ya kuchezewa. Muuzaji amekasirika.

Jibu: Mwalimu, hapa muuzaji ana haki. Baadhi ya magari ya Nissan, na pikipiki kadhaa za Honda, hutoka kiwandani na karatasi iliyolowekwa mafuta maalumu yanayonasa vumbi. Ndiyo jenuini yake. Hiyo haipulizwi wala haioshwi, ikijaa inatupwa. Ukiweka mahali pake ya karatasi kavu inayotoshea, gari litaenda, lakini linganisha eneo la karatasi kama tulivyofanya hatua ya 1, maana ile yenye mafuta mara nyingi huwa na mikunjo michache kwa makusudi.

Swali (kijana wa Subaru, Milimani, Nakuru): Bro, umeiponda sana ya pamba. Yangu naiosha na kupaka mafuta kila mara, na gari linavuta vizuri. Hayo majaribio si ya watu wanaouza karatasi?

Jibu: Swali zuri, na wauzaji wa pande zote wana namba zao. Ndiyo maana nimekupa mtego wa grisi, ili usiniamini mimi wala wao. Kuvuta vizuri na kuzuia vumbi ni mambo mawili. Filta inayopitisha hewa kirahisi kwa sababu ina vitundu vikubwa itakupa mlio na labda nguvu kidogo injini ikizunguka kwa kasi kubwa. Angalia mambo mawili. Mafuta yakizidi huvutwa hadi kwenye sensa, na gari linaanza kukosa mpangilio. Yakipungua, pamba peke yake haizuii kitu cha maana. Kwa gari la kushindana mara moja moja kwenye lami, sina neno. Kwa gari unaloendea nyumbani Subukia kila wikendi, ningeweka karatasi.

Swali (mwanabodaboda, Bungoma): Yangu ina sifongo. Naiosha kwa petroli halafu naiweka ikiwa kavu ivute hewa vizuri. Wengine hapa stejini wameitoa kabisa.

Jibu: Walioitoa waambie wajiandae kwa ringi na silinda, wataanza na moshi wa buluu asubuhi. Wewe, petroli inakula gundi na sifongo lenyewe, achilia mbali hatari ya moto. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kamua kwa kubonyeza bila kusokota, anika kivulini hadi likauke kabisa. Kisha lazima lipakwe mafuta. Sifongo kavu lina matundu makubwa kupita kiasi, na ni yale mafuta yanayonasa vumbi. Tumia mafuta ya sifongo ukiyapata, au oili ya injini safi. Lipapase hadi rangi iwe sawa kote, kamua yasidondoke, rudisha. Kisha paka grisi kidogo kwenye ukingo unaokaliwa na sifongo.

Swali (mzee mwenye trekta, Muhoroni): Trekta yangu ina filta mbili, moja ndani ya nyingine. Fundi wa hapa alitoa ile ndogo akasema inabana hewa bure. Miwa ikikatwa vumbi na majivu ni mengi. Ni sawa?

Jibu: Si sawa, mzee wangu, irudishwe. Ile ndogo ya ndani si ya kuchuja kila siku, ni ya usalama. Ya nje ikipasuka, au ikitolewa kubadilishwa huku vumbi likipeperuka, ya ndani ndiyo inalinda injini. Haioshwi wala haipulizwi. Inabadilishwa kwa muda wake, kwa kawaida mara moja baada ya ile ya nje kubadilishwa mara kadhaa. Nayo inakupa kipimo cha bure: ukiikuta ya ndani ina vumbi, ya nje imefeli, iwe jenuini au ya kampuni nyingine. Kama trekta ina kile kiashiria cha kubana hewa kinachogeuka chekundu, kifuate hicho kuliko macho. Na kile kikombe cha mpira chini ya boksi kibonyezwe kila asubuhi kimwage mavumbi mazito.

Swali (mama mwenye Axio, Lanet): Nimeambiwa filta ikiwa chafu gari linakunywa mafuta sana, ndiyo maana nabadilisha mara kwa mara hata kabla ya servisi.

Jibu: Mama, kwa gari lako hilo si kweli sana. Maabara ya kitaifa ya Oak Ridge, Marekani, ilipima jambo hili mwaka 2009 na ikakuta kwamba magari ya petroli yenye kompyuta hayabadilishi matumizi ya mafuta kwa kiasi cha maana filta ikijaa, kwa kuwa kompyuta inapima hewa na kupunguza petroli kulingana nayo. Kinachopungua ni mwendo ukikanyaga, na hapo unaweza kukanyaga zaidi. Ni magari ya kabureta yaliyoonyesha kunywa zaidi. Weka akiba hiyo ya filta za ziada ununue moja nzuri kwa wakati wake.

Swali (dereva wa lori, Gilgil): Sisi tunaobeba mawe meupe upande wa Kariandusi tunavaa filta soksi ya wanawake kwa nje ili ijae pole pole. Inasaidia?

Jibu: Kwa nje ya filta, upande mchafu, inaweza kushika nyuzi, majani na wadudu, hayo nakubali. Vumbi la mawe hayo ni laini mno, litapita kwenye soksi kama haipo. Hatari ni pale soksi inapokunjwa na kuingia kati ya mpira na ukingo, hapo umejitengenezea mvujo kwa mkono wako. Ukiipenda sana, ikate iishie kabla ya mpira, ifungwe imara, kisha rudia alama ya chaki ukiwa umeivalisha. Kwa kazi yenu ningependa zaidi muweke kile kichujio cha awali cha kuzungusha hewa, juu ya bomba, kabla ya boksi, na mlango wa kuvutia hewa uwe juu ya kabini kuliko chini karibu na tairi.